Victor Hasselblad

Fritz Victor Hasselblad (Göteborg, 8 Machi 1906 – 5 Agosti 1978) alikuwa mfanyabiashara, mbunifu wa kamera na mpiga picha wa ndege kutoka nchini Uswidi. Anajulikana hasa kwa kamera inayobeba jina la ukoo wake, ambayo kwa miongo mingi ilitumiwa na wapiga picha wa studio, wa arusi na wa matangazo duniani kote, na ambayo pia ilipiga picha za binadamu wa kwanza kukanyaga mwezi mwaka 1969.

Kamera hiyo ni ya aina inayoitwa fomati ya kati. Katika kamera ndogo za kawaida za filamu ya milimita 35, kila picha kwenye filamu ina upana wa milimita 36 na kimo cha milimita 24. Katika Hasselblad ya filamu ya namba 120, picha ni mraba wa takriban milimita 56 kwa 56, yaani eneo lake ni zaidi ya mara tatu na nusu ya lile la kamera ndogo. Faida yake huonekana picha inapokuzwa: nyuzi za kitambaa, mikunjo ya uso, hata mishipa ya majani ya mgomba ulio nyuma ya bibi arusi. Hasara nazo ni dhahiri. Kamera ni nzito, filamu moja hutoa picha 12 tu, na kila kosa ni la gharama. Wasomaji wenye umri mkubwa watakumbuka kamera za lenzi mbili zilizotumika katika studio za miji yetu, ambazo mpiga picha alizishika kifuani akainamisha kichwa kutazama kwa juu. Nazo zilitumia filamu ya 120, na zilikuwa za fomati ya kati.

Hasselblad mwenyewe hakuanza na studio. Alitaka kamera ya kumfuata ndege porini. Ili kamera yake iaminike, alilazimika kuacha kitu ambacho mpiga picha wa ndege anakihitaji kuliko wote, yaani mwendo wa kasi, na uamuzi huo ndio uliomfikisha katika studio za dunia.

Ukoo na ujana

Biashara ya ukoo, F. W. Hasselblad & Co., ilianzishwa Göteborg mwaka 1841. Göteborg ni mji wa bandari katika pwani ya magharibi ya Uswidi, na kampuni hiyo ilijishughulisha na kuagiza bidhaa kutoka nchi za nje. Arvid Viktor Hasselblad, babu yake Victor, alipenda sana kupiga picha, akafungua idara ya vifaa vya picha ndani ya kampuni. Inasimuliwa kwamba hakutarajia faida kubwa, ila aliona kwamba angalau yeye na wenzake wangepata kupiga picha bila malipo. Alifahamiana na Mmarekani George Eastman, mwanzilishi wa Kodak, na mwaka 1888 kampuni ilianza kuingiza bidhaa za Eastman nchini Uswidi. Mwaka 1908 idara hiyo ikawa kampuni ya kujitegemea, ikiwa wakala pekee wa Kodak nchini humo.

Kwa hiyo Victor, aliyekuwa mtoto wa Karl Erik Hasselblad, alizaliwa ndani ya biashara ya picha na alitazamiwa kuirithi. Alipofikia umri wa miaka 18 alipelekwa Dresden, Ujerumani, ambako wakati ule ndiko kulikuwa na viwanda vingi vya kamera vya Ulaya. Baadaye alifanya kazi Ufaransa na Marekani, katika viwanda, maabara za kusafisha picha na maduka. Huko Rochester, makao makuu ya Kodak, alipokelewa na George Eastman mwenyewe. Ni vijana wachache waliopata mafunzo ya namna hiyo: aliijua kamera tangu inapokatwa kwenye chuma hadi inaporudishwa dukani na mteja mwenye hasira.

Alirudi Göteborg mwaka 1926 kufanya kazi chini ya baba yake. Wawili hao hawakuelewana. Mwaka 1937 Victor aliondoka katika kampuni ya ukoo, akafungua duka lake mjini humo, lenye maabara ya kusafisha picha, akaliita Victor Foto. Mwaka 1934 alikuwa amemwoa Erna Nathhorst, aliyebaki mwenzi wake katika maisha na kazi hadi mwisho. Hawakuwa na watoto.

Mpiga picha wa ndege

Tangu utotoni Victor alipenda ndege. Mwaka 1935 alichapisha kitabu cha picha kiitwacho Flyttfågelstråk, kuhusu ndege wahamaji na njia zao. Ndege hao si wageni kwetu. Mbayuwayu na korongo weupe wanaozaliana Ulaya wakati wa kiangazi cha huko hushuka Afrika kukimbia baridi, na baadhi yao huonekana katika nchi za Ziwa Victoria kati ya Oktoba na Machi. Wakazi wa Muleba na Bukoba huwaona wakiwa wamekwisha kufika; Hasselblad aliwavizia wakiwa safarini.

Kumpiga picha ndege anayeruka kulikuwa kazi ngumu kwa vyombo vya wakati ule. Kamera kubwa za sahani za kioo zilitoa picha safi lakini zilihitaji stendi ya miguu mitatu na uvumilivu wa mawe. Kamera ndogo za milimita 35 zilikuwa nyepesi, lakini ndege aliyekuwa mbali alitokea kama punje juu ya filamu, na akikuzwa alififia. Hasselblad alitaka kitu cha katikati: kamera inayoshikwa mkononi, yenye filamu kubwa kiasi, lenzi za kubadilisha, na kioo cha ndani kinachomwezesha mpiga picha kutazama kupitia lenzi ileile itakayopiga picha. Wazo hilo alikuwa nalo kabla ya vita. Hakuwa na kiwanda.

Kamera ya jeshi la anga

Kiswahili kina neno moja kwa ndege wa porini na ndege za chuma, na katika maisha ya Hasselblad wamo wote. Mwaka 1940, Uswidi ikiwa haijaingia katika Vita Kuu ya Pili, jeshi lake la anga lilipata kamera kutoka katika ndege ya kijeshi ya Ujerumani iliyoanguka nchini humo. Hasselblad aliitwa akaulizwa kama angeweza kutengeneza nyingine kama hiyo. Inasimuliwa kwamba alijibu hapana, ila angeweza kutengeneza iliyo bora zaidi.

Alianza kazi katika kibanda cha karakana ya magari mjini Göteborg, karibu na mahali pa kutupia vyuma chakavu, akisaidiwa na fundi makanika. Walifanya kazi hasa nyakati za jioni. Kampuni ndogo iliyotokana na juhudi hizo iliitwa Ross AB, na kamera yake ya kwanza, HK-7, ilikuwa tayari mwaka 1941. Ilishikwa mkononi, ilitumia filamu ya upana wa milimita 80, na picha yake kwenye filamu ilikuwa na ukubwa wa sentimita 7 kwa 9. Hadi vita vilipomalizika mwaka 1945, jeshi lilikuwa limepokea kamera 342 za aina mbalimbali kutoka kwake.

Idadi hiyo ni ndogo. Hata hivyo kazi ya jeshi ilimpa kile alichokikosa: mafundi waliozoea kupima vipande vya chuma kwa usahihi mkubwa, na uzoefu wa kutengeneza chombo ambacho lazima kifanye kazi kwenye baridi kali na mtikisiko. Baba yake alifariki mwaka 1942, na Victor akanunua sehemu kubwa ya hisa za kampuni ya ukoo. Baada ya vita karakana yake ilitengeneza sehemu za saa na vipuri kwa kampuni ya Saab, huku kamera ya kiraia ikichorwa pembeni. Umbo la kamera hiyo lilikamilishwa na Sixten Sason, mbunifu yuleyule aliyechora magari ya kwanza ya Saab.

Kamera ya 1948 na kasoro zake

Kamera ya kwanza ya kiraia ilizinduliwa New York tarehe 6 Oktoba 1948. Ilikuja kuitwa 1600F. Ilikuwa kisanduku kidogo ambacho kila upande wake uliweza kuondolewa. Mbele kuna lenzi, juu kuna kitazamio, nyuma kuna kikasha cha filamu. Kikasha hicho ndicho kilichowashangaza wataalamu. Mpiga picha aliweza kukichomoa filamu ikiwa imefika nusu, akapachika kingine chenye filamu ya rangi au ya mwanga hafifu, kisha akarudi kwenye kile cha kwanza bila kuharibu hata picha moja. Kwa mtu wa studio anayepiga sura ileile kwa rangi na kwa nyeusi na nyeupe, hilo lilikuwa jambo kubwa.

Namba 1600 ilitokana na kasi ya shata, yaani kilango kinachofunguka na kufungwa ili mwanga uifikie filamu: 1/1600 ya sekunde. Hiyo ndiyo kasi ya mpenda ndege, inayoweza kusimamisha bawa linalopiga.

Lakini kamera ilikuwa dhaifu. Shata yake ilikuwa ya pazia, nayo ilitengenezwa kwa bati la chuma jembamba mno lililopita mbele ya filamu kwa kasi kubwa. Nyingi ziliharibika na kurudishwa kwa matengenezo. Wanunuzi walikuwa watu wanaoishi kwa kamera, na mpiga picha ambaye shata yake imekwama katikati ya arusi hapati nafasi ya pili. Jina la Hasselblad lingeweza kuishia hapo.

Hatua aliyochukua mwaka 1952 haikuwa ya kishujaa, na pengine ndiyo sababu haisimuliwi mara kwa mara: alipunguza kasi. Kamera mpya iliitwa 1000F, kwa kuwa sasa kasi ya juu ilikuwa 1/1000. Mwaka 1954 jarida la Marekani la Modern Photography liliijaribu kwa kupitisha ndani yake zaidi ya roli 500 za filamu, na likaiangusha makusudi mara mbili. Iliendelea kufanya kazi. Jaribio hilo lilisaidia kurudisha imani ya wapiga picha kuliko matangazo yoyote. Mwaka huohuo kampuni ilitoa pia kamera ya lenzi pana iliyoitwa Super Wide, iliyopendwa na wapiga picha wa majengo na mandhari.

500C: uamuzi wa 1957

Mwaka 1957 ulitoka mtindo wa 500C, na hapo Hasselblad alikwenda mbali zaidi. Aliitoa shata ndani ya mwili wa kamera kabisa, akaiweka ndani ya lenzi. Kasi ya juu ikashuka tena, safari hii hadi 1/500. Kwa haraka mtu angesema kwamba katika miaka tisa mvumbuzi huyu alikuwa amerudi nyuma mara mbili. Ili kuelewa kwa nini sivyo, inafaa kutazama jinsi shata hizo mbili zinavyofanya kazi.

Shata ya pazia ina mapazia mawili. La kwanza linafungua njia ya mwanga, la pili linafuata na kuifunga. Kwa kasi kubwa, la pili huanza kutembea kabla la kwanza halijafika mwisho, hivyo filamu hupata mwanga kupitia mwanya mwembamba unaopita kutoka upande mmoja hadi mwingine. Jua halina shida na hilo, kwa sababu linawaka muda wote. Flashi inawaka mara moja tu, kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Ikiwaka wakati mwanya uko katikati, ni ukanda huo tu wa picha utakaong'aa na sehemu iliyobaki itakuwa giza. Kwa hiyo mwenye shata ya pazia hulazimika kutumia flashi kwa kasi ndogo tu, na filamu inapokuwa kubwa pazia lina safari ndefu zaidi, hivyo tatizo huongezeka.

Shata ya ndani ya lenzi ni vibati vyembamba vinavyofunguka kutoka katikati na kurudi. Kwa kuwa viko ndani ya lenzi, picha nzima hupata mwanga kwa pamoja. Flashi hufanya kazi kwa kasi yoyote, hadi ile ya 1/500.

Tofauti hii mara nyingi huelezwa kana kwamba inawahusu watu wa studio peke yao. Kwa kweli ndani ya chumba chenye giza hata shata ya pazia hutosha, kwa kuwa flashi ndiyo taa pekee. Tofauti huonekana zaidi dirisha linapokuwa wazi, au kazi inapotoka nje. Mji wa Bukoba uko kusini mwa ikweta kwa zaidi kidogo ya nyuzi 1, na saa sita mchana jua huwa karibu na utosi. Uso wa mtu aliyevaa kofia, au wa bibi arusi mwenye shela, huwa na vivuli vizito chini ya macho, wakati ziwa lililo nyuma yake linameremeta. Dawa yake ni flashi kidogo ya kulainisha vivuli. Mwenye 500C aliweza kuweka 1/500, akapunguza mwanga wa ziwa na kuujaza uso mwanga wa flashi kwa pamoja. Mwenye shata ya pazia alilazimika kwenda kwa kasi ndogo, ziwa likageuka kuwa doa jeupe.

Bei ya uamuzi huu ililipwa kwenye lenzi. Kila lenzi sasa ilibeba shata yake, kwa hiyo iligharimu zaidi na ilihitaji kupelekwa kwa fundi kila moja kwa wakati wake. Lenzi za kamera za mwanzo zilitoka Kodak, na baada yake Carl Zeiss wa Ujerumani akawa mtengenezaji mkuu. Sifa ya picha za Hasselblad ni ya Zeiss kwa sehemu kubwa, jambo ambalo wapenzi wa kamera hii husahau.

Mpiga picha wa ndege naye alilipa. Baada ya kila picha kioo cha ndani kilibaki juu, na kitazamio kilikuwa giza hadi kamera itekwe upya. Mlio wa kioo kinapopanda ulikuwa mkubwa kiasi cha kumrusha ndege yeyote aliye karibu. Kamera iliyozaliwa kwa ajili ya ndege ikawa chombo kisichowafaa sana, ikafaa kwa watu wanaokubali kutulia. 500C na zilizotokana nayo zilitengenezwa kwa mpango uleule kwa zaidi ya nusu karne.

Angani na mwezini

Mwaka 1962 mwanaanga wa Marekani Walter Schirra alinunua 500C katika duka la kamera mjini Houston. Ilivuliwa vitu visivyohitajika, ikapakwa rangi nyeusi ili isiakisi mwanga dirishani, na tarehe 3 Oktoba 1962 akaenda nayo kuizunguka dunia. Hasselblad hakuwa ameomba jambo hilo. Shirika la NASA lilizipenda picha hizo, na kuanzia hapo kampuni na shirika zikafanya kazi pamoja. Juni 1965 James McDivitt alitumia Hasselblad kumpiga picha mwenzake Edward White akielea nje ya chombo. Mwaka huo kampuni ilitoa pia 500EL, yenye mota ya umeme inayosogeza filamu, jambo lenye maana kwa mtu aliyevaa glavu nene.

Tarehe 24 Desemba 1968 William Anders, akiwa katika Apollo 8, alipiga picha ya dunia ikichomoza juu ya upeo wa mwezi. Julai 1969 Apollo 11 ilikwenda na kamera iliyotengenezwa maalumu, yenye rangi ya fedha ili kuhimili joto, na kipande cha kioo mbele ya filamu kilichochorwa alama ndogo za msalaba zilizosaidia kupima umbali katika picha. Alama hizo huonekana katika picha zote zilizopigwa kwa kamera hiyo. Wanaanga hawakuweza kutazama kitazamio kupitia kofia zao, hivyo waliifunga kamera kifuani na kulenga kwa mwili. Kwa kuwa Neil Armstrong ndiye aliyeishika kwa muda mwingi, karibu picha zote nzuri za mtu aliyesimama mwezini katika safari hiyo ni za Buzz Aldrin.

Kikasha kimoja chenye filamu maalumu nyembamba ya milimita 70 kilitosha kwa takriban picha 160 za rangi au 200 za nyeusi na nyeupe. Ili kupunguza uzito na kupata nafasi ya mawe ya mwezi, vikasha vilirudishwa duniani na kamera zikaachwa. Hasselblad 12 zilibaki huko.

Picha inayowahusu zaidi wasomaji wa Afrika ilipigwa tarehe 7 Desemba 1972, Apollo 17 ikielekea mwezini. Jua lilikuwa nyuma ya chombo, na dunia ilionekana duara kamili. Bara lililotazama kamera ni Afrika, kuanzia Mediterania hadi Rasi, pamoja na Uarabuni, Madagaska na barafu ya kusini. Nchi za Ziwa Victoria zimo, katika sehemu ya juu ya duara, penye mawingu.

Miaka ya mwisho

Umaarufu wa mwezini haukumbadilisha sana Hasselblad. Aliishi Råö, katika pwani ya magharibi ya Uswidi, mahali penye ndege wengi wa baharini, na aliendelea kuwapiga picha. Mwaka 1976 aliiuza kampuni kwa Säfveån AB, kampuni ya uwekezaji ya Uswidi.

Mwaka 1977 ulitoka mtindo mpya ulioitwa 2000FC. Ulikuwa na shata ya pazia, ya titani, yenye kasi ya 1/2000. Hivyo, miaka 29 baada ya 1600F, kasi aliyoiacha ilirudi na kuzidishwa, bila kupoteza flashi, kwa kuwa lenzi zenye shata ziliweza pia kutumika kwenye mwili huohuo. Pazia lilikuwa bado jembamba kiasi kwamba kidole kimoja kisicho na uangalifu wakati wa kubadilisha kikasha kiliweza kulikunja. Victor Hasselblad alifariki tarehe 5 Agosti 1978.

Wakfu na tuzo

Kwa wosia wake, sehemu kubwa ya mali, takriban kronor milioni 78 za Uswidi, iliwekwa katika wakfu unaobeba jina lake na la Erna, ulioanzishwa mwaka 1979. Unasaidia utafiti na elimu katika sayansi asilia na upigaji picha. Tuzo yake ya kimataifa ilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1980 kwa Lennart Nilsson wa Uswidi, na mwaka uliofuata kwa Ansel Adams wa Marekani.

Mwafrika wa kwanza kuipata alikuwa Malick Sidibé wa Mali, mwaka 2003. Sidibé ni mfano mzuri wa swali la studio na nje: katika studio yake ya Bamako alitumia kamera ya picha za mraba, na kwenye dansi za vijana usiku alichukua kamera ndogo. David Goldblatt wa Afrika Kusini alifuata mwaka 2006. Mbrazili Sebastião Salgado alikuwa ameipata mwaka 1989, miaka mitano kabla ya kufika mkoani Kagera na kupiga picha kambi ya wakimbizi ya Benako, Ngara, baada ya umati wa Wanyarwanda kuvuka daraja la Rusumo mwishoni mwa Aprili 1994.

Kamera zake katika zama za kidijitali

Kampuni imebadilisha wamiliki mara kadhaa. Mwaka 2002 ilitoa H1, iliyoweza kupokea filamu au kihisi cha kidijitali. Mwaka 2004 iliungana na Imacon ya Denmark, na mwaka 2013 ikaacha kutengeneza kamera za ukoo wa 500C. DJI ya China, inayojulikana kwa droni, ilinunua hisa mwaka 2015.

Neno fomati ya kati lenyewe limepungua uzito. Kihisi cha kamera nyingi za kidijitali zinazoitwa hivyo kina takriban milimita 44 kwa 33. Hilo ni eneo kubwa kuliko la kamera za kawaida kwa mara 1.7 hivi, lakini halifiki nusu ya mraba wa filamu aliyotumia Hasselblad. Anayefikiria kununua kamera hizi anafaa kulijua hilo kabla ya kulipa.

Swali la shata nalo lingalipo. X1D ya mwaka 2016, yenye megapikseli 50 na mwili wa gramu 725, haina kioo wala pazia. Shata iko ndani ya lenzi, kama mwaka 1957, na flashi hufanya kazi hadi 1/2000. Fujifilm GFX 50S, iliyoingia sokoni mwaka 2017 ikiwa na kihisi cha ukubwa huohuo, ina shata ya pazia inayofika 1/4000, lakini kwa flashi ya kawaida haizidi 1/125. Kwa studio iliyofungwa madirisha zote mbili zinatosha, na uchaguzi ni wa lenzi na bei. Kwa picha za arusi mchana kando ya ziwa, ya kwanza ina nafuu kubwa. Kwa ndege, hakuna hata moja ya kusifiwa: X1D ilipotoka ilichukua sekunde kadhaa kuwaka, na korongo hasubiri. Bei yake, dola 8,995 za Marekani bila lenzi, iliiweka mbali na wapiga picha wengi wa Kagera.

Mwaka 2019 kampuni ilitangaza kikasha cha kidijitali kiitwacho CFV II 50C, kinachopachikwa mahali pa kikasha cha filamu. Kinakubali kamera nyingi za ukoo huo zilizotengenezwa tangu 1957, bila mwili wa kamera kubadilishwa chochote. Kwa kuwa kihisi ni kidogo kuliko filamu, lenzi ya kawaida ya milimita 80 huona eneo dogo zaidi na kuwa kama lenzi ya kupigia sura, na mwenye kutaka mandhari pana atahitaji kutafuta lenzi nyingine.